Kijana Anapoacha Kazi Mpya kwa Ajili ya Iliyo Bora: Haki, Wajibu na Utaratibu wa Kuondoka

Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huanza masomo mwezi Julai mwaka unaofuata. Katika miezi hiyo ya kusubiri, vijana wengi wa kata za Inyonga, Utende, Nsenkwa, Ilela, Kamsisi na Ilunde huwa nyumbani. Wapo wanaosaidia wazazi shambani, wapo wanaofuatana na jamaa zao kurina asali, na wapo wanaotafuta kazi ya saa chache kwa siku: dukani, kwenye kibanda cha wakala wa fedha, kwa mama lishe, au kwenye chumba cha kuchapa na kudurufu nyaraka.

Kwa wengi wao hiyo ndiyo kazi ya kwanza yenye ujira. Si ajabu, basi, kwamba wiki mbili au tatu baada ya kuanza, kijana husikia habari ya kazi nyingine yenye malipo makubwa zaidi au saa zinazomfaa zaidi. Hapo ndipo matatizo huanza. Kijana huona haya kumweleza mwajiri aliyempokea juzi tu, hivyo huamua kutorudi tena bila kusema neno. Mwajiri naye, akiwa amekuta duka limefungwa na wateja wamesimama mlangoni, huamua kuzuia ujira wote. Mzazi hujikuta kati ya mtoto wake na jirani yake. Mwisho wa yote, fedha imepotea, ujirani umeingia doa, na kijana ameanza maisha ya kazi kwa kusemwa vibaya katika mji ambao watu wake wanajuana.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa. Sheria za nchi hazimfungi kijana katika kazi asiyoitaka, hata kama ameianza wiki iliyopita. Zinachomtaka ni kuaga, na kuaga kwenyewe kuna muda wake na namna yake. Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa manufaa ya vijana, wazazi na walezi, na pia wafanyabiashara wanaowaajiri.

KAZI YA SAA CHACHE NAYO NI AJIRA

Baadhi ya waajiri huamini kwamba kijana anayefika dukani saa nane mchana na kuondoka saa kumi na mbili jioni si mwajiriwa bali ni msaidizi tu, kwa hiyo sheria za kazi hazimhusu. Imani hiyo si sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haimtengi mtu kwa sababu ya uchache wa saa zake. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo, inaeleza dalili zinazomfanya mtu achukuliwe kuwa ni mwajiriwa. Miongoni mwazo ni kwamba mwenye kazi ndiye anayemwelekeza namna ya kufanya kazi, ndiye anayempangia saa, au ndiye anayempa vitendea kazi. Kijana anayeambiwa afike saa fulani, akae kwenye kaunta fulani na aandike mauzo katika daftari la duka ana dalili hizo.

Kutokana na hilo, mwajiri anapaswa kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi tangu anapoanza: jina lake, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na pande zote mbili inatosha kuwa mwanzo mzuri. Mwajiri asidhani kwamba kutoandika kunamlinda. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na yeye akashindwa kuonyesha maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anadai walikubaliana.

IPI HASA NI KAZI BORA?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo haimkatazi mtu kubadili kazi. Inamtaka ahakikishe kwanza kwamba anachokifuata ni cha kudumu na ni bora kweli. Kwa kijana aliye chini ya umri wa miaka 18, hatua ya kwanza ya uhakiki huo ni ya kisheria, kwa kuwa zipo kazi ambazo hata zikilipa vizuri kiasi gani, hapaswi kupewa.

Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Aliyefikisha umri huo anaweza kufanya kazi nyepesi tu, yaani isiyodhuru afya na makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria shule. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto na inakataza asifanye kazi za hatari. Kazi hizo ni pamoja na uchimbaji wa madini na mawe, ubebaji wa mizigo mizito, kazi za viwandani ambako kemikali huzalishwa au kutumika, kazi za mahali penye mashine, na kazi katika baa, hoteli na sehemu za starehe. Sheria hiyo pia inakataza mtoto kufanya kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Masharti hayo yanagusa moja kwa moja maisha ya Mkoa wa Katavi. Binti wa miaka 16 anayeuza daftari na kalamu dukani, kisha akaahidiwa ujira maradufu kuhudumia wateja wa baa, hajapata kazi bora. Amepata kazi ambayo sheria inaikataza kwake. Ndivyo ilivyo kwa mvulana wa miaka 17 anayeitwa kwenye machimbo ya dhahabu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeitwa kuchochea moto wa bani la kukaushia tumbaku, kwa kuwa moto huo hutunzwa usiku kucha.

Uvunaji wa tumbaku nao una hatari yake ambayo wengi huichukulia kuwa ni uchovu wa kawaida. Majani mabichi yakiwa na umande au maji ya mvua, nikotini iliyomo hupenya kupitia ngozi na kuingia mwilini. Mvunaji hupata kichefuchefu, hutapika, huumwa kichwa na huhisi kizunguzungu. Mwili wa kijana mdogo huathirika upesi zaidi kuliko wa mtu mzima.

Mwajiri anayekiuka masharti ya umri anatenda kosa la jinai. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, kufungwa mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Hatua ya pili ya uhakiki ni ya hesabu. Vijana wengi hulinganisha ujira wa siku na kusahau saa na gharama. Uchukuliwe mfano wa kijana anayelipwa Sh. 5,000 kwa siku kwa kazi ya saa nne. Kila saa yake inalipwa Sh. 1,250. Akiitwa mahali pengine kwa Sh. 8,000 kwa siku, anaona ameongezewa Sh. 3,000. Lakini kama huko atafanya kazi saa saba, kila saa italipwa takriban Sh. 1,140. Kama atalazimika kulipa bodaboda Sh. 2,000 kwenda na kurudi, kinachobaki ni Sh. 6,000, sawa na takriban Sh. 860 kwa saa. Fedha ya mkononi imeongezeka kwa Sh. 1,000 tu, ilhali saa tatu za kujisomea, kupumzika au kusaidia nyumbani zimekwenda.

Hesabu hiyo haina maana kwamba kazi ya pili ikataliwe. Huenda familia inaihitaji hiyo Sh. 1,000, au huenda kazi hiyo inafundisha ufundi ambao ya kwanza haifundishi. Muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe baada ya kuona picha nzima. Kijana na mzazi wake waulize mambo haya kabla ya kukubali: ujira ni kiasi gani na hulipwa siku gani, saa za kuanza na kumaliza, kazi yenyewe ni ipi, nani atakuwa msimamizi, na je, masharti hayo yataandikwa. Serikali hutoa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, na viwango vyake hupangwa kwa sekta na kwa saa, siku, wiki na mwezi. Kwa hiyo hata mfanyakazi wa saa chache ana kiwango ambacho ujira wake haupaswi kushuka chini yake. Kiwango kinachotumika kwa wakati husika kinaweza kuulizwa kwa Afisa Kazi.

MUDA WA KUTOA TAARIFA

Kijana akisharidhika kwamba kazi mpya ni halali na ina faida, hatua inayofuata ni kumpa mwajiri wa sasa taarifa ya kuacha kazi, ambayo wengi huiita notisi. Sheria imeweka muda wa chini kama ifuatavyo:

- Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, taarifa ni siku saba.
- Baada ya mwezi wa kwanza, kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, taarifa ni siku nne.
- Baada ya mwezi wa kwanza, kwa anayeajiriwa kwa mwezi, taarifa ni siku 28.

Pande mbili zinaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa wote wawili. Mwajiri hawezi kumdai kijana taarifa ya siku 30 huku yeye akijiachia nafasi ya kumwondoa kwa siku saba. Muda huu unamfunga mwajiri pia; naye akitaka kumwondoa kijana ndani ya mwezi wa kwanza kwa njia ya taarifa, anapaswa kumpa siku hizohizo.

Ipo tofauti moja ya kuzingatia. Kama makubaliano yalikuwa ya muda maalumu, kwa mfano miezi mitatu kamili, kijana hawezi kuondoka katikati kwa kutoa taarifa tu, isipokuwa mwajiri amevunja masharti ya msingi, kama vile kutolipa ujira. Pasipo uvunjaji huo, njia iliyopo ni kuzungumza na mwajiri na kukubaliana kumaliza mkataba mapema. Makubaliano hayo nayo yaandikwe.

Ipo pia hali ambayo kusubiri hakufai. Kijana aliye chini ya miaka 18 akiwa tayari yumo katika kazi ya hatari au ya usiku, aondolewe humo mara moja, na mzazi au mlezi atoe taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Ujira wa siku alizokwisha kufanya kazi bado ni haki yake.

HESABU YA ANAYEAGA NA ASIYEAGA

Umuhimu wa taarifa unaonekana vizuri zaidi katika fedha. Uchukuliwe tena mfano wa kijana anayelipwa Sh. 5,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Amefanya kazi wiki mbili, sawa na siku 12, na hajalipwa. Anadai Sh. 60,000.

Akitoa taarifa ya siku saba na kuendelea kufika kazini, katika siku hizo saba zimo siku sita za kazi zenye ujira wa Sh. 30,000. Siku ya mwisho atastahili kulipwa Sh. 90,000.

Akiacha kwenda kazini bila kutumikia muda wa taarifa, sheria inamruhusu mwajiri kukata, katika fedha anazomdai, kiasi ambacho kijana angelipwa kama angefanya kazi katika muda huo. Kiasi hicho ni Sh. 30,000. Kijana atabaki na Sh. 30,000. Tofauti kati ya kuaga na kutoaga ni Sh. 60,000.

Hesabu hiyohiyo inamwonyesha mwajiri mpaka wake. Anaweza kukata Sh. 30,000 na si zaidi. Kuzuia Sh. 60,000 zote kwa sababu kijana “ameondoka vibaya” ni kinyume cha sheria, kwa kuwa kijana amekwisha kuzifanyia kazi. Aidha, mwajiri akipokea taarifa na kumwambia kijana aondoke siku hiyohiyo, ni lazima amlipe ujira wa muda wote wa taarifa, kana kwamba ameutumikia.

NAMNA YA KUANDIKA TAARIFA

Taarifa inapaswa kuwa ya maandishi, itaje sababu ya kuacha kazi na tarehe inapotolewa. Hata hivyo, ni jambo la heshima kijana kuzungumza kwanza na mwajiri ana kwa ana, wakati duka limetulia, kisha kumkabidhi barua. Kwa aliyepokewa kazini kwa kuombewa na mzazi au ndugu, ni vema mtu huyo naye aelezwe mapema ili asizisikie habari hizo mtaani. Barua inaweza kufuata mfano huu:

Inyonga,
Tarehe ……………

Ndugu ……………,
Mmiliki wa ……………

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ……………, niliyeanza kazi kwako tarehe ……………, natoa taarifa ya siku saba kuanzia leo kwamba nitaacha kazi. Sababu ni kwamba nimepata kazi nyingine ambayo saa zake na ujira wake vinanifaa zaidi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe ……………

Hadi siku hiyo nitaendelea kufika kazini kama kawaida na nitakabidhi vitu vyote vilivyo chini yangu. Naomba siku hiyo nipatiwe malipo ya siku nilizofanya kazi pamoja na cheti cha utumishi. Nakushukuru kwa kunipokea na kunifundisha kazi.

Wako katika kazi,
(Sahihi, jina na namba ya simu)

Barua iandikwe nakala mbili. Moja abaki nayo mwajiri. Ya pili asaini kuthibitisha kwamba ameipokea, na kijana aihifadhi. Mwajiri akikataa kusaini, kijana aiwasilishe mbele ya shahidi mtu mzima, na jina la shahidi na tarehe viandikwe kwenye nakala.

MAKABIDHIANO

Migogoro mingi ya baada ya kuondoka haihusu taarifa bali upungufu wa fedha au bidhaa. Mwajiri hugundua, siku tatu baadaye, kwamba mauzo hayalingani na stoo, na kijana hayupo kujieleza. Ndiyo maana makabidhiano ni ulinzi kwa pande zote mbili.

Siku ya mwisho wahesabu pamoja fedha ya chenji, bidhaa zilizobaki na madeni ya wateja yaliyo kwenye daftari. Funguo zirudishwe. Kwenye kibanda cha wakala wa fedha, salio la kila laini na fedha taslimu viandikwe, laini na simu ya kazi zikabidhiwe, na mwajiri abadilishe namba za siri papo hapo ili muamala wowote wa baadaye usihusishwe na aliyeondoka. Orodha hiyo isainiwe na wote wawili.

Ukionekana upungufu, mwajiri hana mamlaka ya kukata anavyotaka. Makato ya kufidia hasara yana masharti: mfanyakazi aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi cha deni, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi kukatwa, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake. Kuzuia vyeti vya shule au simu ya kijana kama dhamana hakumo katika masharti hayo.

MALIPO YA MWISHO NA CHETI CHA UTUMISHI

Ajira inapokoma, mwajiri anapaswa kumlipa mfanyakazi ujira wa kazi yote aliyoifanya na stahili nyingine alizonazo kwa mujibu wa sheria. Anapaswa pia kumpa cheti cha utumishi. Wengi hudhani cheti hicho ni cha watumishi wa muda mrefu tu, lakini sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma.

Kwa kijana, karatasi hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko ujira wenyewe. Inathibitisha kwamba aliwahi kuaminiwa na akaondoka kwa utaratibu. Itamsaidia anapoomba kazi nyingine mwakani, au anapotaka ujuzi alioupata kazini utambuliwe na VETA, ambayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

KAZI BORA INAPOKUWA MBALI

Barabara ya lami inayounganisha Tabora na Mpanda imerahisisha safari, na imewarahisishia pia watu wanaotafuta wafanyakazi wadogo kutoka wilayani. Kijana anayefanya kazi karibu na nyumbani anaweza kuahidiwa kazi ya nyumbani au ya dukani Tabora, Mwanza au Dar es Salaam kwa ujira mkubwa, nauli ya bure na malazi. Zipo ahadi za kweli. Zipo pia ambazo mwisho wake ni kijana kufungiwa ndani, kunyimwa ujira na kukosa nauli ya kurudi. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inawahusu wanaowasafirisha watu kwa ajili ya kuwanyonya, hata kama aliyesafirishwa aliondoka akitabasamu.

Kabla ya safari, mzazi apate jina kamili la mwajiri, mahali anapoishi na namba yake ya simu, kisha azungumze naye moja kwa moja badala ya kumtegemea dalali. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji ijulishwe kijana anakwenda wapi na kwa nani. Vyeti halisi vibaki nyumbani, nakala zinatosha. Anayesisitiza kijana aondoke kesho asubuhi bila kuaga mtu yeyote anapaswa kutiliwa shaka, kwa sababu mwajiri mwema anaweza kusubiri siku saba.

WAJIBU WA MZAZI NA MWAJIRI

Mzazi ana wajibu wa kusikiliza kabla ya kuamua. Wapo wanaomlazimisha kijana abaki kwa sababu mwajiri ni rafiki wa familia, na wapo wanaomhimiza aondoke leo kwa sababu ya fedha. Njia zote mbili zinamnyima fursa ya kujifunza kupima, kusema ukweli na kumaliza alichokianza. Kijana anayetarajia kujiunga na kidato cha tano au chuo akumbushwe pia kwamba kazi hiyo ni ya kipindi cha kusubiri, na isimfanye ashindwe kuripoti siku ya kufunguliwa masomo.

Mwajiri, kwa upande wake, anafaidika kwa kujiuliza kwa nini kijana anaondoka. Mara nyingi sababu zimo katika uwezo wake: ujira unaocheleweshwa, saa zinazoongezwa bila malipo, au maneno makali mbele ya wateja. Kijana akiaga vizuri, mwajiri anapata siku saba za kutafuta mwingine na za kumwomba anayeondoka amfundishe mgeni. Akimlipa na kumpa cheti siku hiyo, vijana wengine watasikia na watapenda kufanya kazi kwake.

MGOGORO UKITOKEA

Pande zikishindwa kuelewana, hatua ya kwanza ni mazungumzo mbele ya mtu anayeheshimiwa na wote, na Mtendaji wa Kijiji au wa Kata anaweza kuombwa kuwakutanisha. Ikishindikana, kijana au mzazi wake awasiliane na Afisa Kazi, au apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha Serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Madai ya ujira usiolipwa yapelekwe Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Shauri huanza kwa usuluhishi, na huduma hiyo hutolewa bila malipo. Nakala ya barua, orodha ya makabidhiano na ujumbe wa simu wenye kutaja ujira ni ushahidi, visifutwe.

Pale ambapo mtoto yumo katika kazi ya hatari, ananyanyaswa au amepelekwa mahali asikojulikana, taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Polisi, au kwa kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina gharama.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Inyonga ni mji mdogo, na mwenye duka anayeachwa leo anaweza kuwa ndiye atakayeulizwa kesho na mwajiri mwingine kuhusu tabia ya kijana huyohuyo. Siku saba za kumaliza kazi, barua moja na orodha ya makabidhiano ni gharama ndogo kwa kijana anayetaka mlango alioutoka ubaki wazi.